Maji ya Kwanza ya Mchele

Mpaka mwezi uliopita nilikuwa siwezi kuosha mchele. Kutwanga natwanga, kupepeta napepeta, mawe nayachagua vizuri kuliko wasichana wenye macho mapya. Lakini ikifika zamu ya kumwaga maji kwenye sufuria na kuukoroga mchele kwa mkono, natafuta kazi ya nje. Wake za wanangu walishazoea. "Mama anaogopa kulowa vidole," walikuwa wananitania, na mimi nilikuwa nawaacha waseme. Siyo vidole. Ni ile harufu inayopanda maji yanapogeuka kuwa meupe: pumba mbichi, vumbi la ghalani, na nyuma yake kitu kinachofanana na kichwa cha mtoto mchanga. Kama hujawahi kuzinusa harufu hizo mbili kwa siku moja huwezi kunielewa, na nakuombea usielewe.

Mimi sikusoma. Darasa la pili nililimaliza, la tatu sikuliona. Lakini mama yangu tumemzika mwezi uliopita, hayupo tena wa kuumia nikiyasema haya, na kuna watu nataka kuwataja kwa majina yao. Wa kwanza ni baba yangu mdogo, Kasiani. Wa pili ni Mwalimu Leodegar, aliyekuwa akitufundisha dini. Wa tatu mtamjua.

Ninyi mliokulia bonde la Kilombero wakati wetu mnakumbuka tulivyokuwa tunahama. Mvua zikikaribia, kijiji kinabaki na vikongwe, sisi wengine tunavuka mto kwenda kwenye mashamba ya mpunga na kukaa huko mpaka mavuno. Huko hatukuwa na nyumba. Tulikuwa na dungu, jukwaa la miti juu ya nguzo ndefu, limeezekwa nyasi, unapanda kwa ngazi. Chini ni mpunga, juu ni maisha yote: moto kwenye kigae kilichojazwa udongo, mkeka, chungu, kuku mmoja amefungwa mguu. Mchana mimi napiga debe na kurusha kombeo kufukuza ndege. Koo linakauka kwa kelele mpaka jioni naongea kama bata.

Mwaka huo baba alikuwa amekwenda kukata mkonge, kwa mkataba. Mama alivuka mto na mimi, na mdogo wangu wa kiume mgongoni, mchanga kabisa. Alikuwa bado hajabatizwa. Padri alifika kigangoni kwetu kwa nadra, na tulipovuka alikuwa hajapita.

Mambo yote ya dini, padri asipokuwepo, yalikuwa mikononi mwa Mwalimu Leodegar. Alikuwa mrefu, kaptula yake imepigwa pasi mpaka inakata, na baiskeli yake ilikuwa na kengele aliyoipiga hata njia ikiwa tupu. Alitufundisha habari za roho chini ya paa la makuti, sisi tumekaa kwenye magogo.

"Roho," alisema, "haina rangi, haina uzito, haina mikono wala miguu."

Apolinari, mtoto wa mvuvi, akanyoosha mkono. "Sasa Mwalimu, inafikaje mbinguni?"

Alichapwa viboko viwili, na swali likabaki hapo hapo hewani. Lakini nadhani Mwalimu naye aliona hatujaelewa, maana wiki iliyofuata alikuja na kitambaa cheupe. Akakitandaza mbele yetu. "Hii ni roho." Akachukua mkaa, akauburuza katikati, mstari mweusi kama nyoka. "Hivi ndivyo mnavyozaliwa nayo." Halafu akakichovya kwenye ndoo ya maji, akakisugua, akakikamua, akakitundika kwenye kamba. "Na huu ndio ubatizo."

Nilikitazama kile kitambaa mpaka kikakauka. Hakikutakata vizuri. Kulibaki kivuli cha mkaa, nami nikajisemea moyoni kwamba Mwalimu hajui kufua.

Siku hiyo hiyo alitufundisha jambo ambalo lilinikaa. Mtoto akiwa anakufa na padri yuko mbali, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Mwanamke anaweza. Mtoto anaweza. Hata Mwislamu anaweza, akitaka. Unammiminia maji kichwani, unamwita jina, unasema maneno. Tuliyaimba yale maneno mara nyingi mpaka Apolinari akaanza kumbatiza mbuzi aliyekuwa anapita, akachapwa tena.

Lakini mimi nilikuwa na siri ambayo sikumwambia Mwalimu. Nilikuwa nimeshaiona roho. Ilikuwa kwa mdogo wangu, juu ya kichwa, pale utosini ambapo mfupa haujafunga. Nilikuwa nambeba, nafunua kitambaa cha kichwa chake, naiona inadunda chini ya ngozi, taratibu, kama kifaranga anayetaka kutoka kwenye yai. Sisi wakubwa yetu imefunikwa, nikawaza, ndiyo maana Mwalimu anasema haionekani. Watoto wadogo bado hawajaifungia. Nilikuwa nainamia pale na kunusa.

Bibi yangu, mama yake baba, aliyekuwa akikaa Mkula, yeye alikuwa na habari zake nyingine. Alisema roho ya mtoto mchanga ni kama mgeni aliyesimama mlangoni, bado anatazama kama nyumba hii inamfaa. Ukimpokea vibaya anageuka anarudi alikotoka, mpaka siku nyingine. Mimi sikuona ubishi kati ya Bibi na Mwalimu. Mgeni amesimama mlangoni, na mlango ni utosi. Ilikaa sawa kabisa kichwani mwangu.

Maji yalikuja mapema kuliko tulivyozoea. Tulizoea mafuriko, msidhani tulikuwa wajinga. Maji hupanda, hukaa, hushuka, mpunga hufurahi. Lakini haya yalipanda usiku mmoja yakameza ngazi vipingili vinne, na asubuhi yakaendelea. Ilipofika saa nne Kasiani alikuja na mtumbwi kutoka upande wa shamba lake. Ndani alikuwa na mke wake, watoto wake watatu, mbuzi mmoja, na matita ya mikeka.

"Shemeji," alimwambia mama, "unaona mwenyewe umejaa. Kesho asubuhi na mapema nipo hapa."

"Mchukue basi huyu mkubwa," mama akasema, akimaanisha mimi.

"Akikaa mtu mmoja zaidi tunazama sote. Kesho, shemeji. Nisipokuja niite mbwa."

Yule mbuzi alikuwa ananitazama. Miaka yote hii sijamsahau yule mbuzi.

Hakuja kesho. Hakuja kesho kutwa. Tulikuja kujua baadaye kwamba alifika ng'ambo akakuta watu wana pombe, wanashukuru kwamba wamevuka salama, akakaa nao kushukuru. Namtaja kwa jina: Kasiani. Na nitasema pia, kwa sababu haki ni haki, kwamba tangu mwaka huo mpaka alipokufa, kila alipotoka kuvua aliacha kambale mkubwa kuliko wote mlangoni kwa mama, hasemi kitu, anaondoka. Mama naye hasemi kitu, anampika.

Siku ya pili mtoto alianza kuharisha. Maji tuliyokunywa yalikuwa yale yale yaliyotuzunguka, rangi ya kahawia, yanapita na majani, na vinyesi, na mara moja nyoka amekufa tumbo juu. Mama alimnyonyesha, akatapika. Akamnyonyesha tena. Yeye mwenyewe alikuwa na homa, maziwa yalikuwa yanapungua, naye alikuwa anaimba kwa sauti ndogo wimbo wa kutwangia, kwa sababu hakujua wa kubembelezea ambao ulikuwa bado haujachoka.

Nami nilikuwa natazama utosi. Umebonyea. Mwanzoni kidogo, kama umeweka kidole kwenye ugali. Siku ya tatu asubuhi kilikuwa kishimo, na ndani ya kishimo ile roho inadunda kwa mbali. Nikajua mgeni anarudi nyuma. Anatoka mlangoni kinyumenyume.

Mama alikuwa ameamka kuosha mchele wetu wa mwisho, akaishiwa nguvu, akajilaza na mtoto ubavuni, macho yamefumba. Bakuli la mti lilibaki pale pale, mchele umetulia chini, maji juu yake meupe kama maziwa. Nikamwita mara mbili, "Mama. Mama." Hakuitika. Nikafikiri nimebaki peke yangu duniani mwenye kujua yale maneno.

Nilitazama chini. Maji yalikuwa dunia nzima, mpaka kwenye milima ya Udzungwa kule mbali. Kahawia tupu. Nikakumbuka kile kitambaa cha Mwalimu, jinsi kilivyobaki na kivuli, na ndoo yake ilikuwa ya maji ya mto. Ndiyo maana, nikawaza. Huwezi kutakasa kitu cheupe kwa maji ya matope. Nikageuka nikatazama bakuli. Na mimi, mtoto wa mkulima wa mpunga, nikaona Mungu ameniwekea tayari.

Nilichota kwa kiganja. Nikamimina pale kwenye kishimo, taratibu, mara tatu, kikajaa kama kisima kidogo cheupe. Nikasema: "Rafaeli, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Rafaeli kwa sababu Mwalimu alitusimulia malaika wa jina hilo aliyemsindikiza kijana safarini na kumwonyesha samaki wa kuponya. Nikaona anafaa watu wa mtoni.

Mama alifumbua macho. "Unafanya nini, Emiliana?"

"Nimembatiza."

Akagusa kichwa cha mtoto, akanusa vidole vyake. "Umemwita nani?"

"Rafaeli."

"Lafaeli," mama akasema, maana ulimi wa kwetu haukuiweza ile herufi, na akacheka. Ni mara ya mwisho kusikia anacheka namna ile, kwa pua. "Lafaeli. Jina kubwa kuliko mwenyewe."

Mtoto alikufa alasiri, jua likiwa bado kali. Sikulia. Niliona utosi unatulia, nikajua kwamba roho imetoka ikiwa nyeupe, nikawa na furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Kasiani alifika asubuhi ya nne. Aliposikia, alikaa chini ndani ya mtumbwi wake akajipiga kifua. Alituvusha, mama amemkumbatia Rafaeli ndani ya kanga. Tulipofika kijijini tulikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Leodegar, tukiwa bado na matope.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele, amina. Poleni, mama. Poleni sana." Alivua kofia. "Mtoto alikuwa na ubatizo?"

"Anao," mama akasema.

"Nani alimbatiza?"

"Huyu hapa. Mwanafunzi wako."

Mwalimu alinitazama, uso wake ukafunguka. Sijawahi kumwona hivyo. "Emiliana! Nisikilizishe maneno."

Nikayasema yote bila kukosea.

"Na ulimmiminia maji kichwani?"

"Ndiyo, Mwalimu. Utosini."

"Maji gani?"

Hapo mama alinibana mkono. Alinibana sana, mpaka kucha zikaingia. Mimi nilidhani ananipongeza. Nilidhani ni fahari ya mama kwa mwanawe mbele ya mwalimu. Nikainua kidevu.

"Maji meupe, Mwalimu. Ya kuoshea mchele. Ili itakate."

Kuku alikuwa anaparua nyuma ya nyumba, namsikia mpaka leo.

"Maji yamejaa nchi nzima," Mwalimu akasema polepole, "nawe ukaenda kuchukua ya mchele?"

Kasiani akadakia, "Mwalimu, maji ni maji."

"Ukiomba maji ya kunywa ukapewa mchuzi, utasema umepewa maji?"

"Nitasema asante."

"Wewe nyamaza, Kasiani. Wewe leo nyamaza kabisa."

Mama hakupiga kelele. Aliongea kwa sauti ile ile ya kumwimbia mtoto. "Mwalimu, mimi naosha mchele tangu nina kimo cha kinu. Kila siku nasema, mwaga yale maji. Nasema, usikanyage yale maji. Sijawahi kuyaita jina lingine. Wewe mkeo anayaitaje?"

Mwalimu alitazama chini. "Sheria siyo yangu, mama. Padri yuko safari, yuko Mahenge. Angekuwepo ningemuuliza."

"Basi tumngoje."

"Kwa joto hili?"

Ndivyo ilivyokuwa. Makaburi ya Wakristo yalizungushiwa uzio wa minyaa, na nje ya minyaa, upande wa vichaka, ndipo walipolazwa wasiobatizwa. Rafaeli alizikwa nje. Mwalimu alisema watoto kama hao hawateswi, wamewekwa mahali pao, hapana moto, lakini Mungu hawamwoni. Nilimuuliza, "Na mama zao wanawaona?" Hakunichapa. Na hapa tena nitasema haki: lile kaburi alilichimba mwenyewe. Aliwafukuza vijana wenye majembe, akavua shati, akalichimba refu kwenda chini kuliko la mtu mzima, ili fisi wasifike. Lakini lilikuwa nje, Leodegar. Hata ungelichimba mpaka upande wa pili wa dunia, lilikuwa nje.

Wa tatu sasa mmeshamjua: ni mimi.

Baada ya wiki chache nilipelekwa Mkula kukaa na Bibi. Hakuna aliyeniambia kwa nini, na mimi sikuhitaji kuambiwa. Mama hawezi kunitazama, niliwaza. Ningesema neno moja tu, "mto", mtoto angekuwa ndani ya uzio. Bibi alijaribu kunituliza kwa njia yake. Benedikta, mdogo wangu wa kike, alipozaliwa, Bibi alisema, "Si unaona, mgeni amerudi, amekuja na sketi." Nilipokwenda kumwona nilifunua kichwa chake nikatazama utosi kwa muda mrefu, natafuta kama kuna weupe uliobaki. Mama aliniona. Akamchukua mtoto taratibu, akamfunika. Nikaongeza na hilo kwenye mzigo wangu.

Niliolewa huko huko. Nilikuwa naja kumsalimia mama, shikamoo mama, marahaba mwanangu, tunaongea mavuno, tunaongea magonjwa. Habari ile hatukuigusa. Kitu kimoja tu nilikiona: kila anapoosha mchele, yale maji ya kwanza hakuyamwaga jalalani kama watu wengine. Alitoka nayo mpaka pembeni ya nyumba, ananipa mgongo, anakaa huko kidogo, anarudi na bakuli tupu. Hataki niyaone, niliwaza. Au anataka niyaone. Yote mawili yaliniuma sawasawa.

Na nilipokuwa na watoto wangu, nesi wa kliniki alitufundisha: mtoto akiharisha, mpe maji ya mchele uliochemshwa, tia chumvi kidogo, mnyweshe kwa kijiko, mara kwa mara. Akina mama wenzangu waliitikia kwa kichwa. Mimi nilitoka nje nikashika nguzo. Mchele ulikuwepo. Moto ulikuwepo. Nilikuwa nimemmiminia juu ya kichwa kitu ambacho ningempa mdomoni. Hilo halikufundishwa na Mwalimu wala na Bibi, kila mmoja alikuwa anashughulika na roho.

Mama alipofariki tulimzika pale pale kigangoni. Nilitafuta ule uzio wa minyaa. Haupo. Makaburi yamejaa yakatoka nje, yakaenda mpaka vichakani, minyaa ikakatwa, na leo huwezi kusema wapi palikuwa ndani. Leodegar mwenyewe amelala huko huko nje, na msalaba wake wa saruji. Nilisimama nikataka kucheka, nikashindwa.

Tuliporudi nyumbani wanawake walikuwa jikoni, uani, sufuria kubwa za msiba. Benedikta alikuwa anaosha mchele. Nikaanza kugeuka kama kawaida yangu, nitafute kuni. Kwa nyuma nikasikia anasema, kawaida tu, kama mtu anayemwita mtu chumba cha pili:

"Kaka Lafaeli, haya."

Nikageuka. Alikuwa amebeba beseni mpaka pembeni ya nyumba. Akachovya kidole gumba kwenye yale maji meupe, akajigusa utosini, halafu akayamimina chini taratibu, mara tatu.

"Unafanya nini, Benedikta?"

Alinishangaa. "Maji ya kwanza, dada."

"Ya nini?"

"Si ya kaka? Anakunywa kwanza yeye, halafu ndiyo sisi tunapika." Akanitazama vizuri. "Kwani kwako huko hamfanyi? Mimi nilidhani watu wote wanafanya. Mpaka nilipoolewa, mama mkwe akaniuliza kama nimerogwa."

"Mama ndiye alikufundisha?"

"Mama, nani mwingine? Tangu nina kimo cha kinu. Alisema haya ndiyo maji yaliyombatiza kaka, na aliyembatiza ni dada yako Emiliana, alikuwa mdogo tu, na maneno aliyajua yote. Kila siku ananiambia. Nikikosea sala ananiambia, 'Dada yako hakukosea hata moja.' Nilikuchukia kidogo." Akacheka, kwa pua. "Halafu anasema, 'Nikampeleka Mkula, kule maji hayafiki. Sikutaka mto unichukulie na yule.'"

Nilikaa chini, kwenye kinu kilichokuwa kimelazwa pale. Nilimfikiria mama na mgongo wake. Miaka yote ile alikuwa ananipa mgongo kwa sababu alikuwa anasali, na mimi sikumkaribia hatua tatu nione. Mwalimu alipoweka mpaka wake wa minyaa, mama alirudi nyumbani akaendelea kumbatiza mwanawe kila siku, kwa maji yale yale, bila kumuuliza padri.

"Dada, unalia nini? Umemkumbuka mama?"

"Lete hilo beseni lingine."

"Lingine ni la kwangu, wewe hupendi—"

"Lete, nimesema."

Alinisogezea. Nilimwaga maji, nikatia mkono. Mchele ulikuwa baridi, ukasogea katikati ya vidole, maji yakageuka. Ile harufu ikapanda, pumba na vumbi, na kile kitu kingine nyuma yake. Sikuondoa uso. Ndani ya jiko mke wa mwanangu mkubwa akapiga kelele, "Jamani, mchele uko wapi? Maji yameshachemka huku, watu wana njaa!"

"Subirini," nikajibu, nikanyanyuka na beseni langu kuelekea pembeni ya nyumba. "Kaka anakunywa kwanza."